Sauti Nyembamba za Siku ya Mvua

Chumba cha mitambo ya simu kilikuwa nyuma ya sehemu ya kufulia nguo za hospitali, na Mama Laini alikipenda kwa ubaridi wake. Wenzake ndio waliombandika jina hilo, maana kila aliyekosa laini ya simu alimlilia yeye. Feni zilivuma mchana kutwa, vitaa vya kijani vikapepesa, naye mara nyingine alihisi yuko chini ya maji, sauti za watu zikimpita juu ya kichwa.

Hospitali ilikuwa na jengo bondeni na jingine mlimani, la wagonjwa wanaopona polepole. Simu kati ya majengo hayo zilipita hewani, mnara kwa mnara, kwa njia isiyo pana. Kazi yake ilikuwa kuamua njia hiyo ibebe simu ngapi kwa pamoja. Ikijaa, anayepiga baadaye alipata mlio wa kumwambia hakuna nafasi. Watu waliuchukia mlio huo. Yeye aliusikia kama mlango unaofungwa taratibu, waliomo ndani wasikanyagane.

Mwaka huo baba yake alikuwa amelazwa mlimani kwa ajili ya mapafu, na mama yake bondeni, mguu ndani ya plasta. Hawakuwahi kutengana tangu waoane. Kila alasiri walipigiana simu, wakaulizana chai ilikuwaje, kana kwamba chai ya hospitali huwa na habari mpya.

Alasiri moja mvua kubwa ilishuka, mawimbi kati ya minara yakafifia, njia ikazidi kuwa nyembamba. Mama yake akampigia chumbani.

"Mwanangu, huo mlio wako umenikataa tena."

"Mvua imebana njia, mama. Vuta subira kidogo."

"Mimi ninayo. Baba yako atadhani nimekufa."

Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza sabuni. Moyo wa Mama Laini ukalainika. Akaongeza idadi ya simu zinazoruhusiwa, kisha akatoka kwenda wodini.

Alimkuta mama yake amegandamiza simu sikioni. "Anasema nini huyu?"

Akaipokea. Sauti ya baba yake ilimjia vipande vipande: dirisha, kisha kimya, kisha nusu ya jina la mama. Hapo koridoni muuguzi alikuwa akimrudia daktari wa mlimani jina la dawa kwenye simu, na kila mara lilifika limekatika. Njia ilikuwa imejaa kupita kiasi, na kila sauti ilikuwa ikidondosha maneno njiani.

"Dada, nisamehe, ni mimi niliyeijaza," alimwambia muuguzi.

"Basi ipunguze, nina mgonjwa."

Alirudi mbio, akarudisha kikomo chini. Waliokuwa wakiongea aliwaacha wamalize, wapya wakazuiwa. Kisha akafanya jambo alilokuwa akilikwepa siku zote: akaamuru mtambo uzibane sauti wakati wa mvua, kila moja ichukue nafasi ndogo. Zingepungua unene, lakini zingefika nzima. Muda si mrefu muuguzi akapiga kusema dawa imeeleweka.

Aliporudi wodini, mama yake alikuwa amepata nafasi, simu imewekwa kwenye spika juu ya mto.

"Mbona sauti yako nyembamba leo?" baba aliuliza.

"Masikio yako yamezeeka."

"Hapana. Imekuwa ya kisichana."

Mama alivuta shuka hadi kidevuni. Baba akaanza kumsimulia jinsi ukungu ulivyoingia wodini kwao, ukapita kati ya vitanda, ukakaa mwishoni kama mgeni asiyejua aanzie wapi. Mama akalala akimsikiliza. Baba naye akazidi kupunguza mwendo, mpaka ikabaki pumzi yake tu.

Mama Laini alikaa ukingoni mwa kitanda, akaziachia pumzi hizo mbili zikutane kidogo. Kisha akakata simu, maana mahali fulani kulikuwa na mtu akingoja nafasi.