Njia Iliyopita Uani kwa Mama Ekisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa filimbi, chupa ya maji na nafasi ya mwisho kabisa kwenye mstari. Kampuni yetu ilikuwa na ofisi ndogo Malaba, nyuma ya maegesho ya malori, na kazi yake ilikuwa kutembeza wageni kwa miguu siku nne, kutoka Malaba, kupitia miamba ya Amukura, hadi mji wa Sio Port, ziwani. Kiongozi Mkuu, mwalimu mstaafu, alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Dada Amoit," akasema, "wewe ni mkia. Ukiona mtu yuko nyuma yako, ujue kazi imekushinda."

Mkia ndilo jina tulilompa kiongozi wa nyuma. Watu hudhani anayeongoza msafara ni yule wa mbele. Wa mbele anajua njia tu. Mkia ndiye anayejua nani ametokwa na malengelenge kisiginoni, nani amemaliza maji na anaona haya kusema, na nani amenuniana na mumewe tangu chai ya asubuhi. Nilikuwa mkia miaka sita, nikala vumbi la kutosha kukandika nyumba, na sikuichukia kazi hiyo hata siku moja.

Ninyi vijana siku hizi mnafuata kidoti kwenye simu. Sisi tulikuwa na kukagua njia: wiki moja kabla ya msafara, kiongozi huipita njia nzima peke yake, akitazama kama kijito kimejaa, kama nyuki wamehamia kwenye mwamba, na kama kuna msiba katika boma lolote. Ilibidi tujue mambo ya msiba kwa sababu njia yetu haikuwa barabara ya serikali. Ilikuwa vijia vya watu, katikati ya mihogo na wimbi lao, na pengine ilipita uani kabisa, kati ya jiko na zizi.

Uani kwa Mama Ekisa ndipo palipobeba safari yote. Kutoka juu ya mwamba mkubwa kulikuwa na mteremko mmoja tu ambao mgeni angeweza kuushuka bila kuvunjika mguu, nao uliishia kwake. Alikuwa mjane, mkulima wa wimbi na njugu, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Bila uani huo tungelazimika kurudi nyuma na kufuata barabara kuu pamoja na malori, na hakuna mtu anayeomba likizo aje kuvuta moshi wa malori.

Kiongozi Mkuu alipoondoka, Meneja wa Misafara alinipandisha mbele. Ujanani Meneja alikuwa akipitisha malori forodhani, na kila kitu alikiona kwa jicho hilo: kimefika saa ngapi, kimetoka saa ngapi.

"Amoit, saa saba kamili wageni wawe mezani Amukura. Sio saa saba na robo."

"Sawa, boss," nikajibu. Nilitaka sana kumpendeza.

Basi msafara wangu wa kwanza kuuongoza ukashuka mwambani. Mama Ekisa alikuwa amepanga viti kivulini, na sufuria ya viazi vitamu imefunikwa kwa jani la mgomba. Kwetu hukatizi ua wa mtu bila kuketi, japo kidogo, ukaulizwa habari za utokako. Kiongozi Mkuu alikuwa akiketi pale nusu saa kila safari, nami miaka yote nilidhani anapumzisha magoti yake. Nikatazama saa. "Yoga, Mama," nikamsalimu huku natembea. "Tumechelewa, tutarudi." Wageni wakanifuata wakimpungia mkono. Tulifika Amukura saa saba kasoro dakika tano, Meneja akanisifu mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Mwezi uliofuata nilipewa wageni tisa kutoka Ayalandi, watu wa milimani kwelikweli. Waliniambia vilima vya kwao havina miti, mvua hunyesha kutoka ubavuni, na kuna matope meusi yanayomeza kiatu hadi goti. Mkubwa wao, Bwana Deklan, alikuwa mfugaji wa kondoo, mzee wa maneno machache. Sikukagua njia, maana nilijiona naijua. Tulipofika chini ya mteremko tukakuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mama, hii ni nini tena?"

"Ni miiba. Huoni?"

"Lakini si huwa tunapitanga hapa siku zote?"

"Mlikuwa mnapita kama watu," akasema Mama Ekisa. "Siku ile niliazima viti kwa jirani. Nikaamka mapema nikachemsha viazi. Ukanipita nimesimama na kikombe mkononi. Jirani akaniuliza wageni wako wako wapi. Sasa zungukeni." Akachukua jembe lake akarudi kupalilia.

Nikampigia Meneja simu. Alinisikiliza, kisha akasema polepole, "Hiyo njia ikifungwa, hatuna safari ya kuuza. Na mimi sitakuwa na kazi ya kukupea."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni na sikujua kazi nyingine. Nikawaambia wageni tupande tena tufuate barabara. Bwana Deklan akauliza sababu, nami kwa aibu nikamweleza yote bila kuficha. Akasema kwamba kwao yeye ndiye mwenye miiba. Njia ya zamani ya kwenda baharini ilipita shambani kwake. Kiongozi mmoja akapitisha watu bila kumsemesha, wakaacha lango wazi, kondoo wakatoka. Basi yeye akatia lango kufuli.

"Atamaliza lini kupalilia?" akauliza.

"Sijui."

"Basi tungoje." Akaketi chini, nje ya miiba, na wenzake wote wakaketi.

Saa saba ikapita. Meneja akapiga simu mara tatu, nikaizima. Ilikaribia saa tisa Mama Ekisa alipotoka shambani, akaosha jembe, akatazama zile sura tisa zilizoiva kwa jua.

"Hawa wanangoja nini?"

"Wanakungoja wewe, Mama. Na mimi nimekukosea. Nisamehe."

"Nani alikufundisha kupita mtu hivyo? Sio yule mwalimu aliyekutangulia."

"Ni saa, Mama."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akasogeza miiba upana wa mtu mmoja, tukaingia mmoja mmoja, kila mtu akimpa mkono. Tulipokwisha kuketi, nikamtafsiria habari ya kufuli la Bwana Deklan.

"Na amefungua?" akauliza.

"Bado," akajibu Bwana Deklan.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Mama Ekisa akamtazama kwa huruma. "Mimi nimefunga mwezi mmoja tu, na nimechoka. Yeye analalaje?"

Nilipotafsiri hilo, mzee yule aliinama akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Jioni hiyo Mama Ekisa aliburuta miiba yote hadi kando ya njia kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa.

Nilingoja kufukuzwa. Lakini wageni wote tisa waliandikia ofisi, na wote waliandika juu ya alasiri ile. Meneja akazisoma barua, akafunga tai, akaenda mwenyewe kwa Mama Ekisa, akaketi akala viazi. Akairekebisha ratiba kwa mkono wake: saa nzima uani. Namshukuru mpaka leo, kwa kuwa mkubwa anayekubali kwamba alikosea hapatikani kwa urahisi.

Baadaye Bwana Deklan na wenzake walinialika kwao. Nilitembea na wenzake wiki nzima katika mvua ile ya ubavuni, juu ya mawe na matope, na kwa mazoea nikajipanga mwisho wa mstari. Tulipofika shambani kwa Bwana Deklan, lango halikuwa na kufuli. Mwenyewe alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, amelowa chapachapa, na chupa ya chai kwapani.

Mama Ekisa alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Wanawe wakaleta mpimaji wa ardhi wagawane shamba, nami nikaenda bila kualikwa, maana vipande vikishawekwa uzio njia huwa ndiyo mwisho wake. Ekisa, kifungua mimba wake, akanionyesha ramani. Kati ya kipande chake na cha mdogo wake palikuwa na ukanda mwembamba, kutoka mwambani hadi barabarani, usioandikwa jina.

"Huu ni wa nani?" nikauliza.

"Mama alisema ni wa wanaopita."

Nililia mbele ya mpimaji wa ardhi, akaacha kazi yake akaningoja nimalize.