Upande wa Chini wa Mbao

Siku ya kwanza nilipoingia karakanani, Fundi Mkuu alinionyesha kigoda akaniambia nikae. Nikamwambia nitafanya kazi nimesimama. Akanitazama, akasema, "Mama Rehema, mbao haziendi popote. Kaa." Nikakaa, lakini miguu ikawa yachezacheza chini ya buibui mpaka adhana ya adhuhuri.

Ndivyo nilivyoumbwa, situlii. Kabla ya hapo nalikuwa mshonaji wa nyumbani. Nguo za tayari zilipojaa madukani wateja wakapungua, na mimi nina watoto watatu, siwezi kushinda nikitazamana na cherehani. Jirani akanambia kuna karakana uchochoro wa nyuma ya Ndia Kuu yataka mtu wa msasa. Nikaswali rakaa mbili za kuomba kheri, nikaenda.

Nyinyi mnaoanza sasa, msiidharau kazi ya msasa. Kusugua mbao kutwa nzima kwachosha, lakini ndiko kulikonifundisha kuijua mbao kwa vidole kabla ya macho. Jioni nalikwenda masomo ya watu wazima, na vidole vyangu havikuweza kushika kalamu vizuri kwa vile ngozi ilivyolika. Mwalimu wetu akanitania, "Wewe mama, polisi wakitaka alama zako za vidole watapata karatasi tupu."

Kisha nikawekwa kwenye drili. Nakshi inayokatwa katikati ya ubao haianzi ukingoni. Hutobolewa tundu kwanza, bledi ya msumeno ikapitishwa tunduni, ikafungwa juu na chini, ndipo mtu akate. Basi kazi yangu ikawa kutoboa, na jicho moja huwa liko pembeni, kwenye mashine.

"Tazama unapotoboa," Fundi Mkuu huniambia.

"Natazama, Fundi."

"Watazama mashine."

Mashine yenyewe ni msumeno wa nakshi. Una meza ndogo na mkono mrefu juu yake kama wa cherehani, na mahali pa sindano pana bledi nyembamba yenye meno, yapanda na kushuka. Mbao waiongoza kwa mikono miwili kama unavyoongoza kitambaa. Siku mtu wa mashine alipohamia Malindi, Fundi Mkuu alimwambia mwenye karakana, "Mpe Mama Rehema. Mikono yake yajua kupinda kona."

Mwenye karakana alikuwa mtu wa haraka, simu sikioni wakati wote. Akasema, "Haya. Lakini kazi yake ikirudishwa na mteja hata mara moja, atarudi kwa msasa, na hapo sitaki kusikia habari za mashine tena."

Maneno hayo nililala nayo na kuamka nayo.

Kazi zangu za mwanzo zilikuwa za maduka ya mapambo ya watalii: samaki, kobe, twiga. Twiga wa kwanza nilimkata vizuri, nikamwinua kumwonyesha Fundi Mkuu, shingo ikabaki mkononi na mwili ukaanguka chini. Fundi Mkuu akaokota mwili, akaugeuza.

"Umechinja," akasema. "Tena bila bismillahi."

Wenzangu walicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Walipomaliza, Fundi Mkuu akanionyesha ile mistari inayokwenda ndani ya mbao, ambayo sisi twaiita nyuzi. Shingo ya twiga lazima ifuate nyuzi, iende nazo. Ukiilaza kukatiza nyuzi, hata upepo utaivunja. Akanifundisha pia kukaza bledi. Ukishaifunga, igonge kwa ukucha. Ikilia sauti kali kama uzi wa udi wa taarabu, iko sawa. Ikilia kama bati, itayumba, na mstari wako utayumba nayo.

Lakini bledi ya namna gani, hilo hatukufundishwa, kwa sababu ilikuwako namna moja tu. Mwenye karakana alinunua bledi nene zenye pini, yaani kijiti cha chuma kinachopita kila ncha ili inaswe kwenye mashine. Hazikatiki upesi na zala mbao mbio. Nami nilidhani bledi ni bledi.

Mwezi wa Rajabu wazee wa msikiti mmoja wa mtaani wakaja kutaka kiwambo cha mbao cha kutenga upande wa wanawake, chenye nakshi ya matundu ili wanawake wamwone imamu na wamsikie. Huo ndio msikiti ninaoswali mimi. Nilifurahi nikaogopa. Kila asubuhi natia udhu kabla ya kuwasha mashine. Nilikata kibao baada ya kibao, maua na nyota, na uso wa juu ukatoka laini kama kioo. Kilipofungwa, wazee walisimama mbele wakasema mashaallah. Mwenye karakana akanipongeza mbele ya wenzangu, kwa mbali, kwa heshima.

Alasiri ya siku ya pili nikaenda darsa ya wanawake, nikakaa nyuma ya kazi yangu mwenyewe. Bi Mwanaisha, mzee wetu pale, alitaka kuegemea kama alivyozoea kuegemea ukuta. Aliposogea mbele, ushungi wake ukanasa. Akavuta, ukachanika.

"Lo," akasema, "hiki kiwambo au mchongoma?"

"Alokifanya ni mvuvi," akasema mmoja. "Katutegea wavu."

"Mvuvi angalau hulisha watu. Huyu amenitoa damu kidole," akajibu Bi Mwanaisha.

Nikanyosha mkono nikapapasa. Upande ule wote ulikuwa umechanikachanika, vijiti na manyoya ya mbao kila ukingo wa kila ua. Niseme kwa nini, maana hili ndilo somo. Meno ya bledi huangalia chini. Yakishuka huukata uso wa juu safi, na yakitokea chini hurarua. Bledi ikiwa nene, hurarua zaidi. Sisi tulikata uso mzuri ukiwa juu, na uso mzuri ukaelekezwa kwa wanaume. Ule wa chini tukapewa sisi wanawake.

"Ni mimi nilokikata," nikasema.

Bi Mwanaisha akanitazama juu ya miwani. "Kumbe ni weye mvuvi? Basi mwanangu, kitoe miba. Ramadhani yaja."

Tangu siku ile wanawake wakawa wakaa mbali na kiwambo, nyuma kabisa, na huko imamu hasikiki vizuri wala haonekani. Nilimwendea mwenye karakana. Akaniambia wazee wamesharidhika, na kama naona kazi ina kasoro, msasa ndio ule. Nilipiga msasa kibao kimoja kilichosalia karakanani, kutoka asubuhi hadi alasiri. Msasa hauingii ndani ya majani ya ua. Unapolainisha hapa, wavunja pale. Nikimwambia tukate upya, ni kama nasema mwenyewe kwamba kazi imerudishwa. Nikinyamaza, Bi Mwanaisha ataswali tarawehe nyuma kabisa karibu na viatu. Nikawa sili vizuri. Naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Binti yangu Rehema akanambia, "Mama, wazunguka kama paka aloungua miguu."

Asubuhi yake nilimwambia Fundi Mkuu twende msikitini baada ya adhuhuri, wakati upande wa wanawake hauna mtu.

"Nikafanyeje huko?"

"Ukae nilipokaa."

Alivua viatu, akaingia kwa haya kama mkwe. Umri wake wote pale mtaani hakuwahi kukanyaga upande ule. Nikampa ushungi wangu wa zamani, mwepesi, nikamwambia apitishe kwenye kiwambo. Ukanasa. Akaunasua, akapitisha tena, ukanasa. Akakaa chini, akatazama mbele kupitia yale matundu.

"Miaka yote nimekata viwambo," akasema, "na sikuwahi kukaa upande huu."

Kutoka hapo tukaenda kwa sonara, maana mimi nilikumbuka kumwona akikata herini za dhahabu kwa kijimsumeno chembamba kama utambi wa taa. Sonara huyo, ambaye sote twamwita Bhai, alikuwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Mama, hii ya dhahabu," akasema. "Mbao itaicheka."

"Icheke, Bhai. Nipe tu."

"Itakatikakatika."

"Nitafunga nyingine."

Akatoa kifurushi, akanipa na fundisho juu yake. Akasema kitu chembamba kikikatwa hutaka kubebwa chini, niweke kipande cha plaiwudi mbovu chini ya mbao nzuri, mraruo umalizikie kwenye ile mbovu. Bledi zake hazikuwa na pini, na mashine yetu ilikuwa ya pini. Fundi Mkuu akakaa na tupa ya kusugulia chuma kutwa nzima, akachonga vibano viwili vya skrubu vya kuibana ncha tupu, juu na chini. Kwa bledi hiyo hata tundu la kuanzia lawa dogo, na nakshi yaweza kuwa ya karibu karibu.

Nilivunja nyingi. Bledi nyembamba haitaki kusukumwa. Waipelekea mbao polepole, yenyewe ndiyo itafune. Kwa mtu asotulia kama mimi ilikuwa adabu kubwa. Nilisoma dhikri ili mikono isiwahi mbele. Kibao cha kwanza kilipotoka, nikakigeuza chini juu, nikamwita mwenye karakana. Fundi Mkuu akapitisha ule ushungi upande wa chini, ukateleza mpaka mwisho. Kisha akaupitisha kwenye kibao cha zamani.

Mwenye karakana aliushika pale uliponasa. Akaitoa simu sikioni.

"Nani mwingine ajua habari hii?" akaniuliza.

"Wanawake wote wa mtaa."

Akaangalia mashine, akaniangalia. "Basi kata," akasema. "Kata vyote. Na usiondoke hapo mpaka viishe."

Sikuondoka. Kiwambo kipya kilifungwa Shaabani ikiishilia, na Bi Mwanaisha akaegemea kwa mgongo wote, akasema, "Mvuvi katubu." Ule ushungi Fundi Mkuu aliutundika kwenye msumari kando ya mashine, na hakuna kazi ilotoka mlangoni bila kupitishwa ushungi chini. Baadaye zikaja bledi za mbao zilizo nyembamba, na nyingine ambazo meno machache ya mwisho hugeukia juu, yakausafisha upande wa chini yanapopanda. Mkizipata, nunueni hizo.

Mwaka jana kifua kilianza kubana. Daktari akasema ni vumbi, niache. Nikaacha, na bado sijafika hamsini. Nyumbani sikai. Nikialikwa kwa watu, mkono wangu wenyewe waingia chini ya meza kupapasa. Rehema anifinya, "Mama, watu watazama."

Juzi nilishindwa, nikaenda. Ushungi ulikuwapo msumarini, safi, umekunjwa. Usafi ule haukunipendeza, maana kitambaa cha kazi hukaa na vumbi. Kwenye mashine alikuwa Kazungu, fundi mpya, mtu wa makamo kutoka Kaloleni, akikata viwambo vya hoteli. Nilisimama mlangoni, pua nimeifunika.

"Karibu, mama," akasema. "Tazama, laini kama kioo."

"Juu sikuulizi. Chukua kile kitambaa, upitishe chini."

Akapitisha. Ukanasa. Akaunasua taratibu, uzi kwa uzi, bila kuuchana, na hilo nikalipenda.

"Lakini upande huo waelekea ukutani, mama."

"Nani alokwambia hakuna mtu ukutani?"

Fundi Mkuu, ambaye siku hizi huja kukaa tu, akacheka kutoka pembeni. "Daktari alikukataza, Mama Rehema."

"Alinikataza vumbi. Hakunikataza kusema."

Akakisukuma kile kigoda kwa mguu mpaka mlangoni, penye hewa. "Kaa basi. Mbao haziendi popote."

Nikabaki nimesimama mpaka Kazungu alipozima mashine, akainasua bledi nene, akatafuta nyembamba.