Kikanyagio cha Zambarau

Walimwita Mama Deki, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga deki jengo lile la ghorofa tatu: chini kliniki ya macho, katikati mawakili, juu kabisa ofisi ya meneja. Marumaru ya ukumbi wa kuingilia aliijua kuliko alivyojua nyayo zake mwenyewe. Mwonyeshe alama ya kiatu tu, atakuambia mwenye kiatu alijifuta mlangoni au alipitiliza kama anafukuzwa.

Sasa msimamizi wa usafi alikuwa anastaafu, na jengo zima lilijua funguo za stoo zitamwendea nani. Jengo zima, isipokuwa meneja. Jumatatu moja bwana huyo alishuka ngazi, akampita Mama Deki na ndoo yake, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake Mama Deki. Wifi mwenyewe ni mke wa mdogo wake wa kiume. Hana hata miaka miwili kazini, na aliyemshika mkono kumleta ni huyo huyo Mama Deki.

"Kikanyagio cha mlangoni kimechakaa," meneja alimwambia wifi. "Wewe una jicho zuri. Chagua kipya, upange mwenyewe. Nikiridhika, tutazungumza habari ya stoo."

Jicho zuri! Yaani mtu aumwe mgongo miaka kumi na tisa, halafu aje mwingine na jicho. Tuseme ukweli: Mama Deki aliona wivu, tena si ule wa kupita. Ulimwandama mchana kutwa, na jioni ukamfuata nyumbani, maana waliishi nyumba moja, yeye na mdogo wake na wifi na watoto. Mdogo wake alimsifu mkewe mpaka chakula kikapoa. Mama Deki akasema hana njaa.

Kesho yake wifi akamfuata kwenye bomba. "Wifi, nichukue vingapi? Na kile laini kikae nje au ndani?"

Jibu alikuwa nalo kiganjani. Cha kwanza kikae nje, cha mpira wenye meno, kikwangue tope. Cha pili kikae kizingitini, cha nyuzi ngumu, kichokonoe kilichobaki. Cha tatu kikae ndani, kinywe maji. Na viwe virefu, kila mguu ukanyage mara mbili kabla haujaigusa marumaru. Tena viwe na rangi ya majivu, rangi isiyomtisha mtu.

"Mwenye jicho ni wewe, mama," alijibu. "Mimi wa ndoo tu."

Wifi akauliza tena Jumatano. Akauliza mara ya tatu siku ya kuagiza, kashika kitabu cha picha za vikanyagio mkononi. "Chukua chochote, kitafaa," Mama Deki alisema, na hakuinua uso.

Kikaja kimoja, kikubwa, cha zambarau, laini, kina nembo ya jengo ya dhahabu katikati. Wifi akakitandika mlangoni. Mawakili walishuka kukiangalia. Hata wauguzi wa macho walitoka nje. Mama Deki akasema, "Kimependeza," na neno hilo alilitoa kwa shida.

Maana alishaona kosa. Watu wa pale wamelelewa kutokanyaga kitu kizuri cha wenyewe. Ukiwatandikia kapeti nyumbani kwako, watakaa ukingoni mpaka uwasihi. Alijua, akanyamaza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ikanyesha tangu alfajiri. Wa kwanza kufika alisimama, akakitazama kikanyagio, akakiruka. Wa pili akapita pembeni huku kabana ukuta. Karani wa mawakili ndiye aliyevunja rekodi: alivua viatu nje, akavibeba mkononi, vikamwaga maji ya tope mpaka ngazi ya juu. Ilipofika saa tatu kikanyagio kilikuwa kikavu, kisafi, na marumaru imegeuka shamba.

Mama Deki alisimama kando na deki yake mkononi. Mwanamke huyu hakuwahi kuvumilia tone la maji sakafuni, na leo hakufuta. Meneja hufika saa tatu na nusu. Acha aje aone. Roho yake ilikuwa kwatu, msinifiche, wangapi wenu hawajawahi kuionja raha hiyo?

Lakini kabla ya meneja akaja mzee mmoja wa kliniki, jicho moja limefungwa bandeji, fimbo mkononi. Aliinamisha kichwa, akakiona kile kitu cha zambarau. "Tusiwachafulie watu," akasema, akapita pembeni kwa adabu zake zote. Fimbo ikaenda kule, yeye akaenda huku. Mama Deki alitupa deki akakimbia, ila alichelewa.

Wifi akatoka mbio chooni na matambara. Walimketisha mzee kwenye benchi, mkono umevimba kwenye kiwiko. Ndipo meneja akaingia.

"Nani kapanga hiki kitu hivi?"

"Mimi," wifi alisema.

"Hukumuuliza mtu? Si Mama Deki yupo hapa siku zote?"

Wifi alimtazama Mama Deki mara moja tu. "Sikumuuliza mtu."

Meneja akatoa funguo za stoo palepale, akampa Mama Deki, akamwambia arekebishe mlango. Alipopanda juu, mzee akasema taratibu, "Mama, nina jicho moja, lakini nilikuona. Ulikuwa umesimama tu."

 Mama Deki alikunja zambarau, akatoa stoo vikanyagio vitatu vya zamani vya milango mingine, akavipanga anavyojua yeye. Watu wakavikanyaga bila hata kuangalia chini. Kisha akamfuata wifi yake, aliyekuwa anakamua matambara kwenye ndoo.

"Kwa nini hukusema uliniuliza mara tatu?"

"Ningesema, halafu jioni tungekaaje mezani?" wifi alijibu, anaendelea kukamua. "Wanangu wanakuita shangazi."

Funguo zilimlemea mfukoni. Alijua kabisa: angeulizwa yeye, angemtaja wifi yake kabla swali halijaisha. Basi akamwonea wivu wa moyo ule, na wivu wa funguo ukawa cha mtoto. Akazitoa mfukoni, akaziweka kando ya ndoo, akaanza kupanda ngazi kwenda kwa meneja kusema yote. Tusimpambe, haukuwa wema. Hakuvumilia tu wifi yake amshinde na kwa hili pia.