Ekseli ya Mkokoteni wa Ngolo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Florian alikuwa analiwasha gari lake la mashindano. Anaweka kiganja juu ya boneti kama anampima mtoto homa, anasikiliza kidogo, anazima. Gari haliendi popote. Majirani wa Nyakato wakiusikia ule mlio ndipo wanaamsha watoto wa shule. Siku Florian alipoumwa tumbo, nusu ya mtaa walichelewa.

Lilikuwa Datsun kuukuu, jekundu, lililoshindana enzi hizo. Florian, kwa ufundi wake wa gereji, alilitoa injini yake ndogo akalipachika ya pikapu kubwa. Nguvu zikaongezeka, lakini ekseli ya nyuma ikabaki ile ile nyembamba. Akikanyaga mafuta mlimani, inakatika. Ilikatika Buhemba. Ikakatika tena Iringo, mbele ya msafara wa harusi, bibi harusi akashuka kusaidia kusukuma.

Mkewe Tereza akachoka.

"Baba Lilian, Butiama kuna mashindano ya magari ya zamani. Nenda. Ekseli ikikatika tena, gari linaenda skrepa, na hapo lilipolala mimi nafuga kuku."

"Haikatiki, Mama Lilian."

"Hata Iringo ulisemaga hivyo hivyo."

Florian akaanza kutafuta ekseli nene. Musoma hakupata. Akaenda Bunda, akazunguka kwenye magari mabovu mpaka viatu vikabadilika rangi, hakupata. Anarudi stendi amekata tamaa, mkokoteni wa ng'ombe ukampita umejaa pamba. Macho yakashuka chini ya pamba. Katikati ya magurudumu mawili kulikuwa na ekseli ya pikapu, nzima, na difu lake, lile bonge la gia la katikati, limevimba kama tumbo la mtu aliyetoka kwenye sherehe.

Akauendea mkokoteni akapiga magoti barabarani. Mwenye ng'ombe, mzee mmoja anaitwa Ngolo, akasimamisha.

"Wewe, umeangusha kitu?"

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba hii ekseli."

"Marahaba. Na ng'ombe je, huwataki?"

Walibishana hadi ng'ombe wakalala chini. Mwisho Ngolo akakubali kubadilishana: Florian amchomelee ile nyembamba iwe imara, amfungie kwenye mkokoteni. Ngolo alipoambiwa imetoka kwenye gari la mbio alifurahi sana. Akawatazama ng'ombe wake kwa huruma, kama watu ambao sasa watapata shida kuifuata. Ila akasema pamba kwanza iishe shambani.

Pamba ikaisha siku moja kabla ya mashindano. Basi gari likapelekwa Butiama juu ya lori, na Florian akaifunga ekseli huko huko, asubuhi, watu wameshajaa. Vitako vya kukalia springi vilikuwa vimechomelewa tayari kwenye ekseli hiyo tangu ikiwa mkokotenini, akafuata vilivyokaa. Muda wa kujaribu hakupata. Tereza alikuwa amesimama pembeni, mkoba mkononi, anaangalia magurudumu ya nyuma tu.

Njia yenyewe ilikuwa ya changarawe, inapanda mlima mpaka kwenye bendera. Magari yanapanda moja moja. Msimamizi, Ryoba, akapuliza filimbi. Florian akatia gia ya kwanza, akakanyaga.

Gari likaruka kinyumenyume. Watu wakatawanyika. Muuza uji akakumbatia sufuria yake akakimbia nayo, moto akauacha.

"Mzee Florian!" Ryoba akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Bendera iko huku mbele!"

"Naiona!"

Akatia rivasi. Gari likaenda mbele, polepole, kama linakwenda msibani. Hapo akaelewa. Akatoa kichwa dirishani akamtafuta Ngolo, maana alikuja kushangilia ekseli yake.

"Mzee Ngolo! Hivi vitako nani alichomelea?"

"Mimi na shemeji!"

"Mbona mmeigeuza juu chini? Magurudumu yanazunguka kinyume!"

"Sasa mkokoteni unajua juu na chini? Si unavutwa tu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa. Tereza hakucheka. Florian alimwona, akaona na mkoba ulivyokazwa. Gia moja ya kwenda mbele, nne za kurudi nyuma. Akaligeuza gari pale pale, mkia ukaelekea mlimani, akakunja shingo kutazama nyuma, akakanyaga mpaka chini.

Likapanda kinyumenyume, linayumba, taa za mbele zinawatazama watu wa chini kama zinawaaga. Kwenye mwinuko mkali injini ikanguruma, changarawe zikaruka. Tereza akaziba masikio asisikie ule mlio wa kukatika. Haukuja. Mkia ukaipita bendera.

Kwenye hema la wasimamizi ukazuka ubishi. Mmoja anasema amefika, mwingine anasema gari lazima litangulize pua.

"Mzee, wewe tuambie," Ryoba akasema. "Mbele ya gari lako ni wapi?"

"Ni kule linakokwenda."

Ubishi ukaanza upya. Tereza akachungulia hemani, vumbi magotini, mkono una grisi. Alikuwa ametoka uvunguni mwa gari.

"Nzima," akasema. "Twende nyumbani."

Florian akachukua kofia yake, akawaambia wasimamizi anakwenda kujisaidia. Walimngoja mpaka wanakunja hema, bado wanabishana. Hakurudi.