Mpangaji Aliyeuliza Waziwazi

Miaka michache kabla ya uhuru, baba alikipangisha chumba cha uani kwetu Changamwe, Mombasa, kwa mtu wa bara aliyefanya kazi bandarini Kipevu. Mume alitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi, kwa hivyo mazungumzo yote kati yetu na wapangaji yalipitia kwa mkewe. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mama yangu alikuwa mtu wa Kimvita hasa, na mke wa mpangaji alikuwa na Kiswahili cha kumtosha kununua mboga.

Asubuhi mama humwamkia sabalkheri, akamuuliza hali, usingizi, mume, na wazee waliobaki kwao. Mwenzake hujibu, "Mzuri," kisha, "Mama, lete chumvi." Mama humpa chumvi, akaja ndani kuniambia kwamba huyu kwao lazima alikuwa akiamrisha jeshi. Tena akiitwa haitiki "abee", husema, "Nini?"

Siku moja mama alisimama mlangoni akamwita kwa upole, "Ndoo, mwanangu, ndoo." Kwetu hiyo ndiyo njoo. Yeye akaingia chumbani mwake, akatoka na ndoo yake, akamkabidhi. Mama angeikataa vipi bila kumfedhehesha? Aliipokea, akaiweka kando ya mtungi, na jioni akairudisha kwa shukrani nyingi.

Wakati huo mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nashinda ndani nikidarizi kofia. Fundi cherehani mmoja wa Jomvu alianza kuja barazani kila baada ya sala ya alasiri, akakaa na baba kunywa kahawa. Hakuwa na baba, na kabla ya kumsumbua ami yake aje kuniposa, alitaka kwanza kujua kama atapokewa. Lakini jambo kama hilo halisemwi hivi hivi.

"Ami," alimwambia baba kwa heshima, "nyumba yangu nimeitia chokaa. Lakini mtu akiwa peke yake, hata chokaa haimfurahishi."

"Chokaa ni kitu kizuri," baba akajibu. "Yataka mtu wa kuitunza."

"Inshallah atapatikana."

"Inshallah."

Kisha wakanywa kahawa. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia. Mama alishikilia kwamba baba amekubali. Mimi nilisikia kwamba kijana wa watu ameambiwa akatafute kwengine. Mambo yakaenda hivyo wiki baada ya wiki. Ramadhani ikaja ikapita, na nadhani hata hiyo chokaa ilikwisha kuanza kubambuka.

Asubuhi moja nilikuwa nikifua uani pamoja na jirani yetu huyo wa uani, mke wa mpangaji. Akaniuliza, "Huyu mtu anakuja kunywa kahawa yenu kila siku ni nani?"

Nikamweleza.

"Na wewe, unamtaka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mama. Nikamwambia kwetu mwanamke hasemi.

"Kwenu hakuna mtu anasema," akanijibu, akaendelea kusugua kola ya shati.

Nilikitazama kipande cha sabuni, nikasema polepole kwamba namtaka. Wallahi nilidhani nimemnong'oneza siri.

Alasiri hiyo fundi alikuwa ndiyo kwanza amepokea kikombe chake. Jirani akazunguka nyumba mpaka barazani, nguo alizoanza kuanua zikiwa begani. Akamsalimia baba, "Mzee, hujambo," kisha akamgeukia mgeni.

"Wewe fundi, unataka kuoa huyu msichana ama unataka kahawa?"

Nyuma ya pazia mama alinishika mkono hata kucha zikaingia. Baba alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo. Fundi alikiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Nataka kuoa," akasema. Kisha akamwambia baba, "Nisamehe, ami. Sikujua kama nimeruhusiwa kuuliza."

"Mbona nilikukubalia kabla ya Ramadhani," baba akasema, akionekana kuumia kweli.

"Sikujua."

"Basi, mzuri," akasema jirani, akarudi kuanua nguo zake.

Baba alikaa siku kadhaa bila kulitaja jambo hilo. Mama alilicheka jikoni, leso mdomoni. Posa ilikuja kwa heshima zake zote, ami akiongoza, kwa maneno marefu yaliyozunguka mpaka chai ikapoa, na safari hii sote tulijua yanakokwenda. Siku ya harusi mama mwenyewe alimshika jirani mkono, akamkalisha mkekani na mashangazi. Tangu hapo, kila palipotokea la kumwonea mtu haya, baba alikuwa akikohoa na kusema, "Hili labda tumwachie jirani."

Mume wangu hakubadilika. Alikuwa akiingia ndani na kusema, "Leo nimeona papa wazuri sokoni," kisha akakaa kusubiri. Nikamuuliza, "Wataka papa?" Akacheka, akauliza nani amenifunza kusema namna hiyo, na yeye anamjua.

Karibu na uhuru mpangaji alihamishiwa kazi Nairobi, na mkewe akaenda naye. Mama alilia machozi ya kweli. Waliokipanga chumba baada yao walikuwa watu wa pwani wenzetu, wapole, lugha yao tamu kama halua. Walikaa nasi mwaka mzima, tukiamkiana asubuhi na jioni, kisha wakahama, na hadi leo hatujui tuliwakosea nini.