Sarafu Niliyoitupa Matopeni

Wiki ile madaktari wa jeshi la nchi ya mbali walipopiga mahema kwenye uwanja wa shule kule Kianda, pamoja na wanajeshi wetu, nilipewa kazi mbili: kutafsiri, na kuandika namba za foleni. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, Gatwekera, humu humu Kibera. Kutafsiri kulinifurahisha. Nina Kijaluo cha mama yangu, Kiluhya cha nyumbani kwa mume, na Sheng nimefundishwa na watoto wangu kwa nguvu. Lakini foleni, jamani! Ukishika kalamu ya foleni Kibera, jiandae kutukanwa.

Siku ya pili tu, jirani yangu muuza omena akaanza kusema nauza namba. "Bila chai hauoni daktari," akawa anawaambia wateja. Na mguu wake ulikuwa umevimba hivi kwamba hata ndala haiingii. Nikamfuata kibandani.

"Mathe, njoo nikuandike. Ni bure kabisa."

"Siwezi panga laini ya wezi," akasema, akageukia visamaki vyake vya omena.

Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikapandwa na hasira, maana niliona mguu ule ukiharibika kwa sababu ya uongo kunihusu mimi. Kila asubuhi nilimtafuta kwenye foleni, na kila asubuhi hakuwepo.

Siku ya mwisho, mchana, mkuu wa wale madaktari wageni akakusanya watu atoe shukrani. Mtu mrefu, jua letu limemchoma uso. Akaniita mbele, akanishika mkono. Nikahisi kitu kigumu cha mviringo kinasukumwa kimyakimya kiganjani mwangu.

Wee! Mtu wa Nairobi hahitaji kufundishwa maana ya kitu kinachopita ndani ya salamu. Hongo hutembea hivyo hivyo hapa kwetu. Nilichomoa mkono mbio.

"Mimi sili hongo!" nikapiga kelele kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza ili asikie vizuri. Kitu kikaanguka matopeni. Jirani yangu alikuwa amesimama langoni, ameegemea ukuta, anatazama.

Sajini mmoja wa kwetu akaja mbio, anajizuia kucheka. "Dada, hiyo si pesa. Ni sarafu ya kikosi chao. Mkuu akiridhika na kazi yako, anakupa hivyo, mkono kwa mkono. Ni heshima. Hata askari wao huingoja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaiokota, nikaifuta kwa leso yangu. Upande mmoja nembo, upande wa pili maneno ya shukrani.

"Pole sana, mkubwa," nikamwambia mkuu. "Lakini hapa kwetu, tafadhali, nipe tena wazi wazi, kila mtu aone."

Akacheka. Akaiinua juu, akaizungusha watu waione, akaiweka kwenye kiganja changu kilicho wazi. Vigelegele vikapigwa! Nililia, haki ya Mungu, mbele ya watu wazima.

Jirani yangu akaja akichechemea. Akaichukua sarafu, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha.

"Hii hata unga hainunui."

"Hainunui."

"Na uliitupa ukidhani ni pesa."

"Niliitupa."

Akanirudishia sarafu. "Basi niandike."

Mahema yalikuwa yameanza kukunjwa. Sikuandika namba yoyote. Nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja. Siku hizi mguu ule unamfikisha Kawangware na karai lake kichwani, lakini siku ile ilibidi nimbebe nusu. Daktari mmoja, msichana mdogo tu, akafungua tena kiti na sanduku lake.

"Muulize maumivu yalianza lini."

Nikamuuliza. Jirani yangu akaniangalia mimi, si daktari.

"Yapata miezi mitatu. Na umwambie nilikuharibia jina mtaa mzima, na haikuwa kweli."

Daktari alikuwa anangoja, kalamu mkononi.

"Anasema miezi mitatu," nikamwambia. Lile lingine sikulitafsiri. Lilikuwa langu.