Namba Zinazoanza na Sifuri Saba

Mama alifariki Alhamisi asubuhi, nyumbani Masaba, upande wa Uganda. Hata machozi hayajakauka, baba mdogo akanishika mkono akasema, "Wewe wa kompyuta, hakikisha dada yake amepata habari. Safari hii asikute udongo."

Kila mtu pale alijua anasema nini. Mama mkubwa, dada wa pekee wa mama, aliolewa upande wa Kenya. Nyanya, yaani mama yao, alipokufa, mama alichelewa kumfikishia habari, akaja akakuta kaburi limeshafukiwa. Alisimama juu ya udongo mbichi, akamwambia mama maneno ambayo sitayarudia, akaenda zake. Hawakusemezana tena. Baadaye mumewe akafa, naye mama mkubwa akahama. Wengine wakasema yuko Bungoma, wengine Kitale. Tulichobaki nacho ni namba yake kwenye simu ya mama. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulilima mpaka mikono ikaota sugu, na siku ya kapu haikuja.

Nafanya kazi Malaba, kwenye ofisi ya mawakala wa mizigo. Niliwaandikia programu ndogo ya Python ya kupanga meseji za madereva: namba ikianza na +254 inakwenda meza ya Kenya, ikianza na +256 inakwenda meza ya Uganda. Kazi yote inafanywa na kitu kimoja kinaitwa startswith. Unakipa mfuatano wa herufi, unakiuliza, je, huu unaanza na hiki? Kinajibu ndiyo au hapana. Basi. Hakina "ngoja kwanza", hakina "labda". Nakipenda kwa hilo, maana mpakani watu wana maneno mengi.

Nikahamisha namba za mama kwenye kompyuta, nikaendesha programu ileile. Zilizoanza na +256, chache. Za +254, chache zaidi. Zilizobaki zote, chungu nzima, zilianza na 07. Hapo programu ikaishia.

Mtu wa Kampala au wa Nairobi hawezi kunielewa hapa. Kwake 07 ni nyumbani, imekwisha. Kwetu nchi zote mbili zinaanza hivyohivyo, na kila mtu ana laini mbili ndani ya simu moja. Mama aliuza mukene soko la Busia, wale dagaa ambao ng'ambo ya pili wanawaita omena. Wateja walimtajia namba zao huku akiwapimia, naye akaziandika kama zilivyotamkwa. Akitaka kupiga, katochi yake, kile kisimu chenye tochi, inamuuliza, laini ya kwanza au ya pili? Kidole chake kilijua. Huyu wa Uganda, yule wa Kenya, hakosei. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Uliondoka naye ile Alhamisi, na startswith yangu, hata ningeibembeleza vipi, ingejibu tu kwamba ndiyo, namba inaanza na 07.

Basi nikaamua. Kila 07 nitaitumia meseji mara mbili, mara moja nikiivisha +254 badala ya ile sifuri, mara ya pili +256. Mmoja atakuwa anamjua mama, mwingine atakuwa mtu baki kabisa. Bora aibu kuliko udongo. Nikaandika kwamba mama yetu, muuza mukene wa Busia, ametutoka, mazishi Jumamosi Masaba, nikaweka na namba yangu. Ile namba aliyoiita "Dada" nayo ikaenda kotekote.

Majibu yakaanza kuingia. "Sikumjua huyo mama lakini pole sana, mwanangu." "Umekosea namba, Mungu awatie nguvu." Mmoja aliuliza kama mukene bado upo, huyo nilimtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Wale wengine walinitoa machozi kuliko jamaa zangu wenyewe. Lakini mama mkubwa, kimya. Kila nikipiga kwa +254, hapatikani.

Ijumaa, ile namba yake iliyovishwa +256 ikanipigia. Sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ni wewe umetuma ile meseji ya mama ya mukene?"

"Ndiyo, mama. Samahani, nilikuwa namtafuta dada yake."

"Mimi hapana dada yake. Mimi niko Tororo. Lakini yeye alikuwa ananipigia kila Sande." Halafu akalia, kilio cha mtu aliyefiwa.

Jumamosi alikuja, na tulipokuwa tukimsubiri mama mkubwa akanieleza. Mara ya kwanza mama alipompigia, hakungoja hata salamu. Alisema, dada, nisamehe, sikukuchelewesha kwa makusudi, nilichanganyikiwa. "Nikamwacha amalize," akasema yule mama. "Nikamwambia, mimi hapana dada yako, lakini hii maneno ni mazuri, mwambie mwenyewe." Tangu hapo mama akawa anampigia baada ya kanisa. Kila mara anasema, wiki ijayo nitampigia yeye.

Iliniuma sana. Mama hakuwa mtu wa kukosea laini. Ile siku ya kwanza labda alibonyeza laini ya Uganda kwa bahati mbaya. Jumapili zote zilizofuata alichagua mwenyewe, kwa sababu mtu baki hana cha kukukatalia. Nilimkasirikia pale pale, amelala kwenye jeneza, na papo hapo nikamhurumia.

Baba mdogo alisubiri kadiri alivyoweza. Mchungaji alishamaliza, wingu lilishatanda, watu wa mbali wanaangalia saa. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, wala hakunitazama usoni. Wakafukia.

Watu walikuwa wanakula simu yangu ilipolia. +254.

"Stima ilipotea huku tangu Jumatano, simu ikaisha chaji," sauti ikasema, inafanana na ya mama kabisa. "Saa hii ndio nimewasha simu. Niko njiani naenda steji kupanda matatu. Waambie wasifukie."

"Mama," nikasema. "Tumeshafukia."

Nikasikia pikipiki zikipita huko aliko.

"Tena," akasema.

Yule mama wa Tororo alikuwa ananiangalia. Akaweka sahani chini, akafuta mkono kwenye leso yake, akaunyoosha kuomba simu. Nikampa.

"Dada," akasema, "wewe hunijui. Mimi ndiye dada yako alikuwa ananipigia badala yako. Kaa chini kidogo. Iko maneno yako huku kwangu."

Akaanza kumweleza, tangu ile Sande ya kwanza.